Rangi Chini ya Nati

Pilau yenu sikuila, na nyie mkadhani nimeugua. Mwalimu wenu amenipigia simu mara mbili kuniuliza hali. Mara ya pili akasema, "Bibi, vijana wana wasiwasi, wanasema labda ni presha." Presha! Presha ninayo, ndiyo, lakini siyo iliyoniinua pale kitini. Kilichoniinua ni ile mashine yenu ya kutobolea vyuma, ile ya kijani, mliyoipaka rangi kwa ajili yangu mie mgeni rasmi.

Kwa ambao hamkuwepo: mie ni Mwanahawa, fundi mitambo mstaafu, mkazi wa hapahapa Temeke. Miaka thelathini na ushei nimefunga na kufungua mashine kwenye kiwanda cha chakula cha kuku kule Mikocheni. Jumamosi iliyopita mlinialika chuoni kwenu nije kuwagawia vyeti. Nikashonesha kitenge kipya. Nikakalishwa kiti cha mbele, kile kilichofunikwa kitambaa cheupe kama cha bibi harusi, na mshereheshaji akaniita mama wa mfano mpaka nikaona haya. Nilifurahi, sitawadanganya.

Kisha tukatembezwa karakana. Kila kitu kinang'aa. Nikainama kidogo kutazama guu la ile mashine, maana jicho la fundi halistaafu, nikaona rangi imeingia mpaka chini ya guu, imeingia na chini ya washa, ile pete ya chuma inayokaliwa na nati. Pembeni yangu alikuwepo binti mmoja ndani ya ovaroli, Zuhura, niliyeambiwa ndiye bora wa darasa.

"Mwanangu," nikamuuliza, "hii mliipaka kabla ya kuifunga au baada?"

"Kabla, bibi. Tuliifungua yote ili ipendeze."

"Na chini ya miguu?"

"Na chini pia. Mikono mitatu."

"Hamkukwangua kabla ya kukaza?"

Akatazama pembeni alikosimama mwalimu, akashusha sauti. "Mie nilitaka, bibi. Tuliambiwa tusikwangue, mgeni rasmi anakuja."

Masikio yakaniwaka. Mgeni rasmi ndiyo mie! Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na vyeti akagawa mwenyekiti wa mtaa. Sasa nimetulia, au tuseme nimetulia kidogo, nataka niwaeleze kwa nini mwanamke mzima anaweza kuikimbia pilau kwa sababu ya rangi.

Kwanza niwaulize. Bolti inafanya kazi gani? Msinijibu "inashika." Hata gundi inashika. Nimewahi kuwauliza mafundi wenye mvi swali hili, mafundi wenye gereji zao Tegeta na vibao vikubwa barabarani, wakaniambia bolti ni kama msumari wenye meno, unaupitisha, unafunga nati isichomoke, basi. Lahaula! Watu hao wamefunga breki za magari ya wake za watu.

Aliyenifundisha mie ni Mzee Taherali. Alikuwa fundi mkuu wa kiwanda, Mhindi wa madhehebu ya Bohora, mtoto wa duka la vifaa vya chuma, ndevu nyeupe na kofia yake ile yenye ukingo wa dhahabu haimtoki kichwani hata akiwa chini ya mashine. Siku yangu ya kwanza alinipa bolti moja na maikromita, kile kipimo kinachopima hadi unene wa unywele. Akasema, "Pima urefu, binti." Nikapima. Akaniambia niifunge kwenye kipande cha chuma, niikaze kwa spana ya kipimo, ile inayolia *ka!* ukifika pale ulipoiambia. Nikakaza. "Sasa pima tena."

Ilikuwa imerefuka! Nikadhani nimekosea, nikapima mara ya pili na ya tatu. Chuma kizima, kinene kama kidole gumba, kimerefuka.

"Bolti haikazwi," akasema Mzee Taherali. "Bolti inavutwa. Ukishaivuta inataka kurudi, na katika kule kutaka kurudi ndimo inamobana. Kazi yote ni kule kubana. Ukiifunga bila kuivuta, umeweka pambo."

Nyie wengi mmefunga mzigo kwenye pikipiki kwa ule mpira mweusi wenye ndoano. Ukiutundika ule mpira bila kuuvuta, ndoano imekaa mahali pake, mpira upo, na gunia lako utaliacha kona ya kwanza. Ukiuvuta, gunia linatulia. Na sasa angalieni jambo hili, maana ndilo la leo: ukifunga gunia la mkaa ukavuta mpira vizuri, halafu njiani mkaa ukajipanga, gunia likashuka vidole viwili, kumetokea nini? Ndoano haijatoka. Hakuna aliyeufungua mpira. Lakini umelegea, na gunia linacheza.

Mpira unavutika mkono mzima, kwa hiyo gunia likishuka kidogo bado unao mvuto. Bolti haina utajiri huo. Ile bolti ya Mzee Taherali ilirefuka kiasi cha unene wa karatasi moja ya daftari. Karatasi moja, wanangu! Unajikamua jasho, unatoa misuli shingoni, na faida yako yote ni karatasi moja. Chochote kitakachokuibia karatasi hiyo kimekuibia kila kitu.

Hapo ndipo ninapowakasirikia mashujaa wa bomba. Mnawajua. Anachukua spana, anaichomeka bomba la mita nzima, anarukaruka juu yake huku mwenzake amemshika kiuno. Wanaita kukaza "kiume." Thubutu! Bolti ikivutwa kupita kiasi haitaki tena kurudi. Imekufa, imebaki imerefuka kama lastiki ya chupi ya zamani, na nje unaiona nzima. Mie mwenyewe nimeua bolti, tena bila bomba. Nilikuwa mwaka wa pili, nikajiona fundi, nikazipaka grisi meno yote ili zisipate kutu, halafu nikakaza kwa namba ileile ya bolti kavu. Kumbe sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako inaliwa na msuguano wa meno na nati, inayobaki kuvuta bolti ni kidogo. Ukipaka grisi msuguano unapungua, nguvu yote inaenda kwenye bolti. Nikaziua sita mfululizo, spana inalia *ka!* na mie natabasamu.

Mzee Taherali hakunigombeza. Alinipa msumeno wa chuma, akanikalisha juani nikate vichwa vya bolti zote sita, kimoja kimoja. Ndivyo alivyofanyaga na kila bolti iliyokufa, kwa sababu alijua ukiitupa nzima itaokotwa, itasuguliwa kutu, na wiki ijayo utaikuta inauzwa kwenye fungu pembeni mwa barabara. Mkono uliniuma wiki nzima.

Haya, sasa nifike kwenye rangi.

Kiwandani tulikuwa na mashine kubwa ya kusaga mahindi. Ndani yake kuna shafti ndefu yenye nyundo za chuma zinazozunguka kwa kasi ya kutisha. Shafti hiyo inakalia beringi mbili zinazoiwezesha kuzunguka, na kila beringi ina nyumba yake, kipande cha chuma chenye miguu miwili, kila mguu na bolti yake. Bolti nne kwa jumla. Hizo nne ndizo zinazoizuia shafti nzima isitembee, na haziizuii kwa ubavu wao. Zinaibana ile miguu kwenye fremu mpaka chuma na chuma vishikane visiweze kuteleza.

Tukatangaziwa mgeni rasmi. Mkubwa mmoja wa serikali, atakuja Jumamosi kuona kiwanda. Nyie mnajua nchi yetu akitajwa mgeni rasmi: mawe ya bustani yanapakwa chokaa, na mti ukikaa vibaya unapakwa pia. Msimamizi wetu, Bwana Sospeter, akaamuru kila mashine ifunguliwe ipakwe upya. Sospeter hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hodari wa kupanga zamu, tena mcheshi, lakini mbele ya wakubwa alikuwa anayeyuka.

Na Mzee Taherali hakuwepo. Ilikuwa Muharram, na siku zile kumi za mwanzo yeye yuko msikitini mjini na jamaa zake wanamwomboleza Imam Husein, hata ukimpigia simu kiwanda kinaungua hapokei. Fundi niliyebaki ni mie.

Wapakaji wakapaka kila kipande kikiwa chini, juu na chini, ndani na nje. Ijumaa mchana nikaletewa nifunge. Nikaona miguu ya nyumba za beringi ina rangi nene huko chini inakokalia, na fremu nayo ina rangi palepale miguu inapokaa. Nikachukua tupa na msasa nianze kukwangua.

"Dada Hawa, unafanya nini?" Sospeter huyo.

"Nakwangua, bosi. Chuma kikae juu ya chuma. Rangi inaminyika."

"Utaichuna mpaka pembeni ionekane! Wale wameshaosha brashi. Kesho saa nne mgeni yuko hapa. Kaza hivyohivyo."

"Mzee Taherali hapendi."

"Mzee Taherali yuko likizo. Mkuu wako hapa ni nani?"

Nikasimama na tupa mkononi. Nikaiweka chini. Nikaikaza ile mashine juu ya rangi, kwa spana ya kipimo, namba sahihi, *ka, ka, ka, ka*. Halafu nikafanya kama nilivyofundishwa: nikachukua brashi ndogo nikachora mstari mmoja wa njano kwenye kila bolti, unaoanzia ncha ya bolti, unashuka ubavuni mwa nati, unafika kwenye mguu wa beringi. Nati au bolti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na unaona.

Jumatatu, mashine ilipofanya kazi saa moja, nikaomba izimwe nirudie kukaza. Nilijua rangi ikipata joto italegea. Sospeter akasema mahindi yamelundikana, tutaizima Ijumaa. Mgeni rasmi, kwa taarifa yenu, alikuwa ameshakuja na kwenda. Hakuingia hata kwenye chumba cha mashine. Alisema vumbi linamkera, akanywa soda ofisini akaondoka.

Jumanne baada ya chakula cha mchana beringi moja iliteleza. Shafti ikakaa upande, nyundo zikagonga ukuta wa mashine, kipande cha chuma kikatoka kwenye mdomo wa kumiminia mahindi kikampiga mguuni Mashaka.

Mashaka alikuwa kijana wetu wa kumimina magunia, mtoto wa jirani yangu hapa Temeke, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mie ndiye niliyemtafutia ile kazi. Mama yake alikuja kwetu na kanga moja mpya kunishukuru, akaniambia, "Hawa, nimekukabidhi mwanangu." Mfupa wa muundi ulivunjika vipande. Alipiga ukelele mmoja tu, kisha akawa ananitazama mie na kusema, "Dada Hawa, zima. Dada Hawa, zima," na mashine ilikuwa imeshazimika zamani.

Sasa nawaomba mnisikilize kilichofuata, maana mpaka leo nikikikumbuka damu inachemka.

Wakati tunambeba Mashaka kumpakia kwenye gari, Sospeter alichukua spana na bomba, akaita watu. "Njooni muone! Angalieni nati hizi!" Akaishika ya kwanza kwa vidole viwili ikazunguka. Akaikaza kwa bomba. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Zote zilikuwa zinazunguka kwa kidole, na watu wote wakaona kwa macho yao. Na kwa kuzikaza akaikata mistari yangu mitatu ya njano. Niliporudi kutoka hospitali na damu ya Mashaka kwenye ovaroli, kesi ilikuwa imekwisha. Hawa hakukaza.

Na si hivyo tu. Hawa hakukaza kwa sababu Hawa ni mwanamke! Nikaitwa ofisini mbele ya mwenye kiwanda, na Sospeter akasema, tena kwa sauti ya huruma, "Bosi, si kosa lake. Hii kazi inataka mkono wa mwanaume. Mikono hii ni ya kusukuma chapati." Ebo! Mikono iliyokata vichwa vya bolti sita juani! Nikawaambia spana ya kipimo haijali mkono wa nani, ikilia imelia. Nikawaambia kuhusu rangi. Mwenye kiwanda akaniuliza, "Hawa, nati ilikuwa imelegea au haikulegea?" Nikasema ililegea. "Nani aliikaza?" Nikasema mie. Akafungua mikono kama mtu anayesema basi. Nikapewa barua ya kusimamishwa, na nakala ikabandikwa ubaoni mlangoni, wapishi na walinzi waisome.

Hilo la kazi ningelivumilia. Kazi nyingine ipo. Lililonichoma ni mtaani. Habari ilifika Temeke kabla yangu. Jioni nilipika uji wa ulezi, nikaweka maziwa na sukari, nikaupeleka kwa mama Mashaka kwenye bakuli langu la maua ili ampelekee mgonjwa wodini. Alilipokea akaingia nalo ndani. Asubuhi bakuli likarudi, limeletwa na mtoto mmoja wa mtaani. Nyie mnajua kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu, unalirudisha na chochote, hata limau moja. Lile lilirudi limejaa. Uji wangu uleule, umeganda, haujaguswa. Nikakaa nalo kibarazani nikalia, na mie si mtu wa kulia.

Siku ya kumi na moja ya Muharram Mzee Taherali akarudi kazini. Akasoma barua ubaoni, akapanda gari lake bovu mpaka Temeke, akanikuta nafua. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Badala ya kuitika akauliza, "Ulichora mstari?"

"Nilichora. Sospeter amekata."

"Yote?"

Nikafikiri. Bolti ya nne ilikuwa upande wa mkanda, nyuma ya kava. Pale spana inaingia kwa taabu, na bomba haliingii kabisa.

Asubuhi yake tulisimama mbele ya mashine: mwenye kiwanda, Sospeter, Mzee Taherali na mie, na nusu ya kiwanda nyuma yetu wanajifanya wanafagia. Mzee akafungua kava. Mstari wangu wa njano ulikuwa pale umenyooka, kutoka ncha ya bolti hadi mguuni, haujakatika popote.

"Bosi, tazama," akasema. "Nati imerudi nyuma?"

Mwenye kiwanda akainama akatazama muda mrefu. "Haijarudi."

"Bolti imezunguka?"

"Haijazunguka."

"Sasa ishike kwa kidole."

Mwenye kiwanda akaishika. Ikazunguka kwa kidole. Akairudisha haraka kama imemchoma, akamtazama Sospeter, na Sospeter akatazama viatu vyake.

Mzee Taherali akachana karatasi moja kwenye daftari la mlinzi, akampa mwenye kiwanda. "Binti huyu aliikaza ikarefuka kiasi hiki. Nati iko palepale alipoiacha." Akalegeza zile bolti nyingine, tukainua nyumba ya beringi kwa mtaimbo. Chini yake rangi ilikuwa imeminywa ikatoka pembeni na kukauka hapo, kama samli inavyotoka pembeni mwa chapati. Akabandua ganda la rangi ambayo haikuminywa, akalipima kwa maikromita mbele yao. Unene wake karatasi tatu. "Umeweka kitu chenye unene wa karatasi tatu, kimeshuka, na wewe ulikuwa na akiba ya karatasi moja," akasema. "Hata ukimleta simba akukazie, italegea."

Sasa semeni, nani aliniomba radhi? Hakuna! Ile barua iliyobandikwa ubaoni ilibanduliwa kimyakimya, na hakuna nyingine iliyobandikwa kusema Hawa alikaza. Nilirudishwa kazini kwa kuambiwa tu na mlinzi, "Dada, wamesema uingie." Sospeter akahamishiwa ghala, akaendelea kuwasimulia watu kwamba "mashine ilikuwa na matatizo." Mashine! Mashine ilikuwa nzima, ilikuwa na rangi yake tu. Miaka yote iliyobaki kuna watu pale kiwandani walioamini kwamba mwanamke alishindwa kukaza nati.

Nikaiomba ile bolti ya nne. Mzee Taherali akanipa, pamoja na lile ganda la rangi kwenye bahasha. Jioni nikaenda nazo kwa mama Mashaka. Nilikwenda kifua mbele, nawaambia ukweli. Nina ushahidi. Nitamweleza, ataelewa, ataniomba msamaha kwa ule uji.

Alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitika. Nikamwonyesha bolti, nikamwonyesha ganda, nikamweleza mpira wa pikipiki na gunia la mkaa, kama nilivyowaeleza nyie. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akaichukua ile bolti, akaigeuzageuza kwenye kiganja chenye pumba za mchele.

"Kwa hiyo kosa ni la rangi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua kwamba ile rangi ni mbaya. Kabla."

"Nilijua, mama. Nilimwambia. Akaniambia nikaze hivyohivyo."

"Alikuambia." Akanirudishia bolti. "Na spana alishika nani?"

Nilikuwa na majibu mengi, wanangu. Nilikuwa na Muharram, na mgeni rasmi, na Sospeter na brashi zake zilizooshwa. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mie nilisikia la mkuu mmoja nikaacha la mwingine, na guu lililovunjika halikuwa langu.

"Nilishika mie, mama," nikasema.

Akarudi kwenye mchele wake. Nikakaa, sijui niondoke au nibaki. Akasema, bila kuniangalia, "Mashaka hapendi uji wenye sukari nyingi."

Nilimpelekea uji bila sukari nyingi kwa miezi miwili, na bakuli lilirudi kila siku na kitu ndani yake. Mashaka alipona, anachechemea, ana duka la vyakula vya kuku Mbezi Beach na ananitania kila tukionana kwamba mguu wake unatabiri mvua.

Zuhura mwanangu, uliponiambia "tuliambiwa," sikukukasirikia wewe. Niliisikia sauti yangu mwenyewe. Wewe ni bora wa darasa, ulijua, ulitaka kukwangua, ukatazama alikosimama mwalimu, ukakaza. Na mwalimu, wewe nawe usinipigie simu kuniuliza presha. Mashine ile ina kichwa kizito, na watakaosimama chini yake ni hawa watoto waliokabidhiwa kwako na mama zao.

Kwa hiyo msiiwashe. Fungueni, kwangueni chini ya miguu na chini ya washa mpaka chuma kionekane cheupe, futeni, kazeni kwa spana ya kipimo, mchore mstari. Iendesheni, izimeni, mrudie kukaza. Itakuwa na michubuko pembeni na haitapendeza kwenye picha, na mgeni rasmi amesema anaitaka hivyohivyo. Zuhura ndiye ashike spana. Mkimaliza nipigieni, nije nipitishe kidole changu kwenye kila nati, halafu mnipakulie ile pilau, hata kama ni kiporo.